Namsomea Bibi Katuni ya Kutisha, Lakini Sisomi Kilichoandikwa

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kukuomba msaada, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja. Namdanganya bibi yangu, tena kila alasiri nikitoka shule, akiwa ameketi kando yangu ananiamini.

Bibi ndiye aliyenilea tangu mama, binti yake, alipofariki. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipofifia, sasa anaona rangi na sura za watu ila herufi hazioni, na hata angeziona, Kiingereza hakijui. Mimi napenda katuni za Kijapani, zile ziitwazo anime, na kuna mfululizo mmoja wa kisayansi wa kutisha niliokuwa nautazama peke yangu sebuleni, bibi akavutiwa na rangi, akavuta kiti, akauliza, "Mume wangu, huyo anasemaje?" maana ndivyo anavyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, basi nikaanza kumsomea kwa Kiswahili maandishi yanayopita chini ya picha.

Kisa ni cha chombo kinachosafiri mbali sana kati ya nyota, na huko nje gizani yupo kiumbe anayevaa sura na sauti ya mtu uliyempoteza, kisha anabisha mlango. Nahodha ni kijana aliyefiwa na mama yake, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza mama huyo anatokea nje ya dirisha, hana hata vazi la anga, anatabasamu. Maneno yake yameandikwa wazi: "Nina baridi, mwanangu. Nifungulie, nivae mwili wako." Nilifungua mdomo nisome, nikamwona bibi ameinama mbele kuutazama uso ule, nikashindwa. Nikasema, "Anamuuliza kama amekula."

"Mama ni mama tu," bibi akasema.

Tangu hapo natunga. Kiumbe akitishia, mimi nasema anabembeleza, na sasa bibi anampenda kupita kiasi na nahodha hampendi hata kidogo: "Mtoto gani huyu, mama yake kasimama nje na yeye anabonyezabonyeza mitambo! Mfungulie, mkorofi wewe!" Nacheka naye, huku najua kosa ni langu.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba naharibu kazi nzuri. Ubora wa mfululizo huu ni ukimya wake, hofu inatoka kwenye ule mlango unaogongwa polepole, na maneno ya kiumbe ni machache lakini kila moja linachoma kwa sababu nahodha anajua huyo si mama yake na bado anatamani kufungua. Udhaifu upo pia, katikati wanasayansi wanaeleza mambo mpaka unasinzia, daktari wa kike amechorwa vizuri sana halafu hapewi la kufanya zaidi ya kupiga mayowe, na damu ikija inamwagwa kama rangi ya kuficha ufa ukutani. Hata bibi aliziona sehemu hizo, akasema hapo wamepiga bandi tu, ule mshono wa kushikiza kwa muda, hawajashona. Lakini udhaifu mkubwa nimeuongeza mimi, maana mama ninayemtunga hana cha kuogopwa, na nahodha anaonekana katili bure.

Sehemu ya mwisho nimeshaitazama peke yangu. Nahodha anaweka kiganja kwenye kioo, anamuaga, kisha anawasha injini na moto wake unauteketeza uso ule. Hakuna maneno matamu ya kufunika picha hiyo. Bibi ataona mtoto anamchoma mama yake. Anaiulizia kila siku, nami nasingizia mtandao. Je, nimwambie ukweli, wakati jina la binti yake hata kulitaja hataji, au niseme katuni imefutwa, yaishe?

Mimi, Msomaji wa Maandishi ya Chini

Mwanangu Msomaji,

Pole. Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikavua miwani nikaipangusa. Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Nani alikupa cheo cha kumkinga mtu mzima na katuni? Bibi yako alimzika mtoto wake, halafu akaamka akakushonea sare za shule. Unadhani kuna zimwi la angani litakalomtisha kuliko siku ile? Anayeogopa maneno yale ni wewe. Si aibu hata kidogo. Ila usimtwike bibi hofu yako ukaiita huruma.

Tena umempunja. Umesema mwenyewe kwamba utamu wa kisa ni kijana kutamani kufungua na asifungue. Nani anakujua kutamani huko kuliko bibi yako? Hilo ndilo ulilomnyima, ukambakizia damu na wanasayansi wa kusinzisha!

Usifute kitu, na habari za mtandao mbovu zikome. Mwambie televisheni ikiwa imezimwa. Sema hukusoma kilichoandikwa, kisha sema kwa nini, na hiyo "kwa nini" usiiruke. Akikasirika, nyamaza, hasira ni haki yake. Halafu achague yeye kama anataka kuendelea. Akitaka, soma neno kwa neno. Sauti ikikukwama, simamisha picha, haiendi popote. Na akimtaja mama yako, usiwe wewe wa kubadilisha mazungumzo.

Mshauri mpendwa,

Nimefanya.

Nilimwambia akiwa anachambua vifungo vyake vya zamani kwa vidole. Nilipofika kwenye "kwa nini", nikamwambia sauti ya mama siikumbuki tena, na sikutaka nianze kuisikia kwa kiumbe yule.

Bibi aliviweka vifungo kando. Kisha akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu nimemtukana mtoto wa watu bure?"

"Ndiyo, bibi."

"Mjinga wewe. Rudisha mwanzo."

Tukaanza upya. Kiumbe aliposema ana baridi, nikasoma na yaliyofuata, neno kwa neno. Bibi akapandisha miguu kwenye kiti, akamfokea nahodha, "Ole wako ufungue!" Muda kidogo akanishika mkono, akaomba nisimamishe picha.

"Mama yako alikuwa na sauti nzito," akasema. "Akinong'ona, jirani anaitika. Akiimba, kuku wanahama."

Sikulijua hilo. Nilizima televisheni, nikasogeza kiti changu karibu, nikamwuliza alikuwa akiimba nini.