Redio Ilisema Imepokelewa

Kabambare, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Chadia,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Kasongo? Mgongo wa Mama umepoa? Sisi wazima, ila matope tu, siku hizi sisi ndio tunabeba pikipiki.

Ile programu yangu inayosoma ujumbe wa redio, kituo cha afya cha Lusangi kikiomba pikipiki ya wagonjwa, nimeibadilisha. Mvua ikikata pakiti ya ujumbe katikati, programu nzima ilikuwa inakufa, wauguzi wananitukana. Sasa pakiti pungufu inatupwa, kazi inaendelea. Nimekutumia faili. Isome kabla sijaiweka; mimi ni kaka mkubwa tu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya.

Wifi yako Mwanvua yuko Lusangi kwa mama yake, anasubiri kujifungua. Sitaki ujumbe wao ukwame.

Yaya wako,
Assumani

Kasongo, 9 Machi 2024

Yaya Assumani,

Waaleikum salaam. Mama anatembea, anauliza mtoto ataitwa nani. Nimeisoma yote. Ni nzuri, yaya. Iweke tu.

Mdogo wako,
Chadia

Kabambare, 2 Mei 2024

Chadia,

Salamu kwenu. Sisi si wazima. Jumanne tumemzika Mwanvua pamoja na mtoto.

Muuguzi Rosine aliomba pikipiki saa nane mchana, mvua inanyesha. Redio yake ikaonyesha “imepokelewa”. Wakangoja mpaka magharibi. Kwangu hakikufika kitu, na nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, nakunywa chai. Pamekosewa wapi? Mimi sioni.

Yaya wako,
Assumani

Kasongo, 10 Mei 2024

Yaya,

Pole haitoshi.

Mahali penyewe nilipaona tangu Machi. Programu inajibu “imepokelewa” kabla ya kuhesabu kama pakiti imetimia, halafu inaitupa kimya. Ilipaswa ihesabu kwanza. Ikipungua iombe irudiwe, ikishindikana ipige kengele. Niliyaandika haya yote, nikayafuta. Tangu Baba afariki, wewe ndiye baba yetu. Nani humu nyumbani amewahi kukwambia umekosea? Niliona haya, nikajisemea utagundua mwenyewe.

Masahihisho haya hapa. Nisamehe au usinisamehe, lakini yaweke.

Mdogo wako,
Chadia

Kabambare, 21 Juni 2024

Chadia,

Nimeyaweka. Jana pakiti ya Lusangi ilifika nusu, ikaombwa mara tatu, ikatimia. Mama mmoja akaletwa, akajifungua salama. Nilifurahi, kisha nikatoka nje nikalia.

Kumbe mlikuwa mnaniogopa. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini uliona, Chadia. Usiniandikie kwanza. Siku nikiweza, nitaanza mimi.

Msalimie Mama.

Assumani