Paji la Uso la Shangazi Feza

Jumamosi, Kasenga. Jua limewaka tangu asubuhi na ziwa limetulia. Shajara yangu, leo naandika kwa sababu nimefanya kosa na sijui nilibebe vipi.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnanijua: mimi ndiye niliyejipa kazi ya kutunza picha za ukoo. Tangu Baba afariki, bahasha zake ziko kwangu. Nazipiga picha moja moja kwa simu kabla mchwa hawajazila. Tena najisifu kwamba naheshimu siri za watu. Sura nisizozijua nazifunika kwanza, ndipo natuma.

Jumanne, kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, nilituma moja kwenye kundi la familia. Vijana watano wana majani kichwani na vipande vya ngozi ya mnyama kifuani. Katikati yao kasimama msichana wa miaka kumi na minne hivi, kichwa wazi, anacheka. Nyuma Baba ameandika jina la dada yake na la kijiji: Feza, Makobola. Nikawafunika vijana. Shangazi Feza nikamwacha, nikamkuza hata, maana sikuwahi kumwona akiwa mtoto. Nikaandika chini: Shangazi yetu akicheza ngoma siku ya uhuru. Mkuki mkononi mwa kijana mmoja niliuona. Nikadhani ni wa ngoma.

Mjinga ni mimi.

Jana Shangazi alinipigia, hakusalimu. "Weye mutoto, ile photo uliitoa wapi? Iko nani mwengine ameiona?"

Haikuwa siku ya uhuru. Ilikuwa miaka michache baadaye, wakati wa uasi dhidi ya serikali, na majani yale na ngozi zile ni mavazi ya waasi, mzee yeyote wa huku anayatambua. Kwenye paji la uso la yule msichana, nililolikuza kwa mikono yangu, kuna chale mbili mbichi, bado zimevimba. Wapiganaji walichanjwa hapo wakapakwa dawa, eti risasi zigeuke maji. Askari wa serikali waliporudi, kitu cha kwanza kukagua kilikuwa paji la uso.

Tangu nipate akili, Shangazi anafunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Nilidhani ni adabu ya kanisa, kwa kuwa yeye ni kiongozi wa wamama. Mume wake, Mzee Yohana, alipomchumbia aliambiwa ni chale za kuumwa kichwa. Nani huku hana chale za kuumwa kichwa? Akaamini. Na Mzee ni mtu wa Bwegera. Baba yake alikuwa karani wa serikali. Waasi walimchukua nyumbani mchana, na hadi leo hakuna kaburi.

Nilifuta picha saa ileile. Lakini binamu yangu Riziki, aliye Bujumbura, alikuwa ameshaiweka mtandaoni kwa watu wote, eti ni nzuri. Ameiondoa leo asubuhi. Mtu alikuwa amekwisha andika pale: Huu si uhuru, tazameni paji la uso. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi leo nimekwenda. Nilimkuta Shangazi uani akichambua mchele, na ndani redio ya Mzee inasema. Nikapiga magoti.

"Minye sikuwafuata," akasema polepole. "Walikuja ku masomo, wakatubeba sisi wote. Wakanikata, wakanipa kazi ya kuchota maji. Ni ile tu nilifanya, maji."

Nikamuuliza mbona anacheka.

"Nilikuwa sijapigwa photo hata siku moja. Nilifurahi."

Nakiri hapa jambo la aibu. Nilimshauri anyamaze. Mzee hana simu ya picha, nikamwambia, hatajua. Sikuwa namtetea yeye, nilikuwa najitetea mimi. Akanitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Kesho ni kanisa. Asikie kwangu, asisikie kule."

Akafungua kitambaa, akakikunja, akaniwekea mapajani. Kisha akaingia. Redio ikazimwa.

Nilibaki uani. Maneno sikuyasikia, nilisikia kiti kikiburuzwa tu. Mara mbili nilisimama nikimbie, mara mbili nikakaa. Niliogopa kwamba ndoa ya miaka hamsini inavunjika mle ndani, na aliyeivunja ni mimi, kwa kidole kimoja.

Mzee ndiye aliyetoka. Macho mekundu.

"Iyo photo, watu wa kanisa waliiona?"

"Wengi, Mzee."

Akatazama barabara. "Minye nimekasirika. Na nitakasirika bado. Iyo iko mambo ya nyumba yangu. Lakini kesho nitakaa na yeye. Upande wa wamama, benchi ya mbele."

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Sijawahi kuona mwanamume akivuka, hata siku ya maziko ya mkewe. Alisema hivyo akarudi ndani, akafunga mlango.

Majina hapa si yao. Kabla ya kuweka maneno haya nimempigia Shangazi, nikamsomea yote. "Tia," akasema. "Lakini usisahau kuandika ile ya maji."

Bahasha zimebaki tatu. Sitatuma hata picha moja kabla sijapiga hodi kwa mwenye sura, na kama amekufa, kwa watoto wake. Nilikuwa nafunika sura za wageni, ndugu zangu nawaacha wazi, kwa kuwa nilijiona nawajua.

Ibada inaanza saa tatu. Nitafika saa mbili, nisimame mlangoni, niwe wa kwanza kuwasalimu.