Kwa Kumbukumbu za Baraza, Mwalimu Mabula Ana Udhuru

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, baada ya mvua

Mwalimu wangu Mabula,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenicharaza viganja nikiwa darasa la pili kwa kosa la kuanza kusema na mkubwa bila kumwamkia. Basi shikamoo, na ujiitikie mwenyewe huko uliko.

Nimekaa kwa mkeo hapa Ngokolo. Mama Nkwimba yuko jikoni, amenikataza kumsaidia, anasema mwandishi na aandike. Kuku wako hawajapata adabu tangu uondoke. Mmoja amekwisha kanyaga karatasi hii, usidhani lile doa ni chozi. Machozi yalikuwapo, lakini leo nimekuja na furaha, na ina haraka kuliko kalamu yangu.

Nianze na mazishi, niyamalize mapema. Tulikusindikiza kwa gari moshi hadi Mwanza, tukavuka kwa kivuko, halafu lori la mgodini likatufikisha kwenu Geita tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kope. Mkuu wa chuo alikuja nasi. Hakukaa mbele na dereva, alipanda nyuma pamoja na sisi. Pale kaburini akavua kofia, akampokea mdogo wako koleo, akafukia mpaka shati likaloa. Nalisema hili mapema kwa sababu nina kesi na mzungu yule katika barua hii, na sitaki umfikirie vibaya.

Sasa kesi yenyewe.

Nani asiyejua ulivyolipigania baraza la walimu? Zamani Mkuu aliamua kila kitu peke yake ofisini, nani afundishe hesabu, nani apewe likizo, mpaka milango ipakwe rangi gani. Wewe ukamwandikia barua, ukamwandikia nyingine, ukamwandikia hadi akachoka kuzifungua. Mwishowe akasema haya, chagueni wajumbe saba, mtunge kanuni, yeye atakuwa mwenyekiti. Kanuni ukazitunga wewe. Nikazipiga chapa mimi, huku umesimama nyuma yangu unanung'unika kwamba natumia wino mwingi. Ukahakikisha nimekuwa mwandishi wa baraza. Kalamu nikawa nayo, kura sina. Nafundisha maarifa ya nyumbani, nafundisha wake wa wanafunzi kukata nguo na kutunza watoto wachanga, na wajumbe waliona hiyo ni kazi nzuri sana ya kutopigiwa kura.

Na matobolwa yako! Mikutano yote umekaa na viazi vikavu mfukoni mwa koti. Mjumbe akirefusha maneno, unamsogezea kipande mezani kwa heshima zote, na yeye hawezi kukataa chakula mbele za watu. Akishakitia mdomoni basi, kigumu kile, dakika tano hasemi. Mwalimu Athumani, rafiki yako na mpinzani wako wa kila siku, nadhani alikula gunia zima.

Huyu Athumani ndiye aliyetuangusha siku ile ya darasa la wasichana. Ulisimama ukaomba jambo moja tu, chuo kipokee wasichana wasomee ualimu kama wavulana, darasa moja, kwa majaribio. Wakanyoosha watatu. Wakakataa wanne, na Athumani wa nne wao. Nilikuwa naandika hesabu ile kwa hasira. Tulipotoka nje ukanitazama ukacheka, ukasema, "Ng'wanone, mwanangu, tutarudi nalo." Wiki tatu baadaye homa ikakulaza na haikukuamsha.

Mkutano wa kwanza bila wewe, kiti chako tumekiacha palepale dirishani, kile chenye mguu mfupi. Naanza kuita majina. Nafika kwako, nalisoma jina, halafu sauti inakatika. Nilijua ninachotakiwa kusema. Neno lenyewe nilikuwa nimeliandaa tangu asubuhi, nimelisema mbele ya kioo. Likagoma. Nimeinamia daftari kama mtoto aliyesahau shairi, na hapo nikasikia Athumani anasema polepole, "Ana udhuru."

Nikaandika hivyohivyo. Mabula, udhuru. Hakuna aliyecheka wala kuuliza. Mkutano wa pili nilisoma kumbukumbu za ule wa kwanza, Mkuu akaziangalia mstari kwa mstari na kamusi yake pembeni kama kawaida, akaandika "ni sahihi", akatia saini. Nikaita majina. Athumani hakungoja nikwame, akawahi, "Ana udhuru." Naapa, Mwalimu, mpaka hapo hapakuwa na hila yoyote. Tulikuwa hatujawa tayari, basi.

Hila ilinijia siku chache baadaye, nami nakiri kwako. Nilikuwa natafuta kitu katika kanuni zako nikakutana na ile ya tisa. Mjumbe akifariki au akihamishwa, Mkuu atamteua mwingine. Mjumbe akikosa mikutano mitatu mfululizo, kwa udhuru au bila udhuru, kiti kitarudi kwa wajumbe nao watachagua mwalimu yeyote wa chuo wamtakaye. Nikaisoma mara mbili. Nikafunga mlango nikaisoma tena. Mwalimu yeyote. Uliandika mwalimu yeyote, hukuandika wa somo gani wala wa jinsia gani, na mimi niliyezipiga chapa sikuwa nimeliona.

Nilikwenda kwa Athumani peke yake. Nikamwambia nakitaka kiti cha Mabula. Sikumzungusha, nikamwambia nakitaka kwa ajili ya lile darasa, ingawa najua yeye halitaki. Akanitazama weee, akaniuliza kama nimekula, akaniaga. Nilirudi nyumbani nikijilaumu.

Mkutano wa tatu ukafika. Roho iko juu, nguo nimepiga pasi mara mbili. Nikaita majina, Athumani akasema lake, nikaandika. Kumbukumbu zikasomwa, Mkuu akatia saini yake ya pili juu ya udhuru wako. Halafu akaweka kalamu chini, akasema kwa upole kwamba amenyamaza muda wote huu kwa kuheshimu msiba, ila sasa kazi lazima iendelee. Kwa kuwa mwenzetu amefariki, yeye kwa kanuni ya tisa anamteua Mwalimu Daudi wa michezo, ambaye alikwisha kumwita, amesimama mlangoni. Unamfahamu Daudi. Ni kijana mwema, hana ubaya na mtu, lakini ukimuuliza saa ngapi atamtazama kwanza Mkuu.

Kanuni hazimpi mwandishi ruhusa ya kusema bila kuulizwa. Nikapiga moyo konde nikasimama.

"Bwana Mkuu," nikasema, "kwa kumbukumbu za baraza hili, Mwalimu Mabula hajafariki."

Lo, ungewaona. Mmoja aliangusha miwani. Mkuu akabaki kunikodolea macho, labda akafikiri msiba umenipanda kichwani. Akasema sote tulikuzika, na mimi nilikuwapo. Nikamjibu ndiyo, bwana, na yeye mwenyewe alifukia. Lakini daftari linasema una udhuru, na chini ya udhuru huo kuna saini mbili, zote zake. Nikalisukuma daftari mbele yake, nikakaa.

Akafungua kinywa kujibu. Na hapo, Mwalimu, Athumani akatia mkono mfukoni, akatoa tobolwa, akalisogeza mezani taratibu mpaka mbele ya Mkuu. Kwa heshima zote, vilevile ulivyokuwa unafanya wewe. Sijui alianza lini kutembea nalo.

Mkuu akalitazama. Anatujua vya kutosha, hakuweza kulikataa. Akalitia mdomoni akaanza kazi, na huku taya zinahangaika, macho yakawa hayana pa kwenda ila kwenye daftari. Akafunua ukurasa wa saini ya kwanza. Akafunua wa saini ya pili. Akafungua kanuni, akaweka kidole kwenye ile ya tisa, akakiacha hapo. Sisi tunasikiliza kiazi. Nikaona masikio yake yanaanza kuwa mekundu, nikasema basi, kesho nafungasha virago.

Alipomeza, akacheka. Nasema kweli, alicheka mpaka akatoa leso. Akauliza nani aliyeitunga kanuni ile, ingawa alijua, na sote tukakitazama kiti cha dirishani. Akasema, "Saini ni yangu. Mabula amekosa mikutano mitatu. Chagueni."

Wakachagua. Mmoja akamtaja Daudi, Daudi akamtazama Mkuu, Mkuu akatazama dari. Athumani akanitaja mimi. Mikono minne, Mwalimu, kati ya sita! Nilihesabu mwenyewe maana mwandishi ni mimi, nikahesabu tena nisije nikajipendelea.

Furaha ile ilikaa kidogo tu. Mkuu aliniambia, bila ukali, kwamba kuanzia siku hiyo daftari liseme kweli. Nami nilijua ana haki. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza nikiwa mjumbe ilikuwa kuandika kwamba umefariki. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ulionifundisha, herufi zimelala upande mmoja. Nililia palepale mezani mbele ya wanaume sita na mzungu mmoja. Athumani naye akalia, akasingizia vumbi. Baada ya hapo nikaenda kukaa kwenye kiti chako. Kile kiti kibovu, Mwalimu. Miaka yote ile ulivumiliaje?

Mkutano uliofuata nililirudisha darasa la wasichana. Nilisema maneno machache, nikiogopa matobolwa. Mikono ikanyooshwa mitatu, wangu ukiwa mmoja wao, nikajua tumeanguka tena palepale ulipoanguka. Halafu nikasikia kiti kinakwaruza. Athumani alikuwa ameinua mkono, tena anatazama nje kana kwamba mkono si wake. Mkuu akamuuliza kama amebadili nia. Akajibu kwamba alikuwa akikataa apate kubishana nawe njiani mpaka nyumbani, na sasa hana tena wa kubishana naye, kukataa hakuna utamu. Jioni akapita kwangu kunionya nisijione nimemshinda. Ana mpango wa kunipinga katika kila jambo lingine, na ameanza na bustani ya mboga.

Ndiyo hivyo. Wasichana wamefika Jumatatu iliyopita. Kumi na wanane, wengine kwa miguu, wawili wameletwa na baba yao kwa baiskeli moja, sijui kwa uchawi gani. Mmoja ametoka Geita na sanduku la bati alilotengenezewa na fundi wa mgodini, anazunguka nalo kila mahali kama mtu anayehamia Ulaya. Mkuu alitoka kuwapokea akiwa na hotuba ya karatasi tatu. Nilimsogezea kiazi kwenye karatasi ya pili.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Majina ya asubuhi nayaita mimi. Siku ya kwanza nimeshika orodha, nimetulia kabisa, nimeita wa kwanza hadi wa kumi, wote wameitika. Nikafika wa kumi na moja. Nilijua yumo, nani asiyejua, mimi ndiye niliyemjazia fomu na mama yake ndiye aliyemshonea sare. Hata hivyo, nilipolisoma jina, nikakwama palepale pa siku zote. Mabula. Nikajikaza nikalitoa lote, Nkwimba Mabula, nikatega sikio. Nilikuwa nimezoea kungoja sauti ya Athumani.

Binti yako akasimama, mrefu kama wewe, akasema, "Nipo, Mwalimu."

Nimelisikia siku tano sasa na bado sijalizoea. Kila asubuhi jina lako linaitwa katika chuo hiki, na kila asubuhi linaitikiwa.

Mama Nkwimba ananiita, chakula kiko tayari, na Nkwimba amerudi kutoka kisimani anataka kujua namwandikia nani barua ndefu hivi. Nitamwambia. Lala salama, Mwalimu. Kiti nakikalia, mguu wake nimekataza usitengenezwe. Ninakuahidi sitakosa mkutano hata mmoja, na siku nitakapokosa kwa sababu kama yako, atakayekuwa ameshika daftari atakuwa mmoja wa wasichana hawa.

Mwanafunzi wako,
Sayi
Mjumbe