Waridi la Jangwani kwa Mama

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili mchana

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu nyingi. U hali gani huko? Kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa kila baridi inapoingia? Wifi hajambo? Na mwanao, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku ni wazima. Nasema wazima kwa kuwa tunakula, tunalala, tunaamka.

Mimi bado nipo kwenye udobi, nanyoosha mashuka ya hoteli. Wiki iliyopita pasi iliniunguza mkono, na wenzangu ndio walioniambia niutoe. Usihofu, jeraha limekauka. Tangu tumzike mama nimekuwa hivyo, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kwenye kiti. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, kaka. Sina cha kukaza.

Uliuliza habari za kaburi. Kule hakuna bomba, na ardhi ni changarawe tupu. Maua tuliyoweka siku ile yalinyauka upesi. Nikaenda kwa muuza miche aliye nyuma ya kituo cha mafuta, akaniuzia waridi la jangwani: kichaka kifupi, shina limevimba chini kama chungu, maua mekundu.

"Hili huweka maji yake shinani," akaniambia. "Ukilihurumia, umeliua." Akanionya pia kwamba nikilikata ninawe mikono, maana utomvu wake ni sumu.

Nikalipanda. Shangazi alikuja kutazama, akashika kiuno.

"Kwa hiyo mmemtafutia mti usiohitaji mtu," akasema. "Ili msije."

Labda alisema kweli.

Unawajua yeye na mama, mawifi wa kununiana miaka nenda miaka rudi. Nilidhani ni ule ulimi wake tu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapanda kilima cha makaburini na dumu la maji, na magoti yake yale! Mlinzi wa makaburi ndiye aliyeniambia. Nilipofika, majani yalikuwa ya manjano. Nikabonyeza shina, kidole kikazama kama kwenye papai bovu. Nilijua hapo ndipo mtu huumia, ila mimi sikusikia kitu. Nikatoa kisu.

Nilikata matawi mawili yaliyokuwa bado magumu, nikanawa, nikayalaza dirishani juu ya gazeti hadi pale nilipoyakata pakakauka kabisa. Ukiyapanda mabichi yanaoza. Kisha nikayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, mchanga mwingi na udongo kidogo, nikawa siyapi maji mpaka mchanga wote uwe mkavu. Kwa muda mrefu hayakufanya lolote, nami sikuyadai kitu. Tuliishi hivyo chumba kimoja. Moja likafa. La pili likatoa jani, halafu jingine.

Jana nikamchukua shangazi twende kulipanda. Akaja na dumu lake. Nilimweleza njiani, taratibu, kwamba maji yake ndiyo yaliyoozesha lile la kwanza. Akasimama katikati ya njia. Nikajua leo nitatukanwa.

"Hata kwa maji nimemkosea," akasema.

"Hukumkosea, shangazi. Ulizidisha tu."

Tukapanda. Nikainua udongo ukawa kichuguu, ili maji ya mvua yasituame. Tulipomaliza, shangazi akabaki na dumu mkononi, hajui pa kuliweka.

"Sasa nikija hapa nifanye nini?"

"Kaa tu."

Akakaa juu ya changarawe, miguu kainyoosha, akaligeukia kaburi la mama. Kisha akaanza kumpa habari za mtaa: nani kahama, nani kaachika, fundi cherehani kaharibu gauni la nani. Akampa na umbea ambao hata mimi sikuwa nao. Nikakaa kando yake. Jua lilikuwa kali, na sikutaka tuondoke.

Wifi na mtoto wape salamu zangu. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu seremala anauliza kama bado unampigia debe huko. Ukipata likizo, njoo ukae kidogo na mama.

Mungu akutangulie uendako na akurudishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapochelewa kuandika.