Mjane wa Nyumba ya Hariri

4 Februari

Mkwe wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mimi na binti yako Chiriku, ila goti langu la kushoto limeanza tena vituko vyake, hasa nikishinda kwenye cherehani mchana kutwa. Vipi wewe? Mgongo umepoa? Na mvuke wa hicho chumba cha kufulia cha hoteli haukuunguzi mikono siku hizi? Nijibu kwa barua. Kwenye simu kila ninachosema unaitikia "sawa Mama", kwenye barua angalau unabisha.

Tumepata tamthilia mpya ya Kichina. Ikifika saa yake jioni nafunika cherehani, na wateja wanaojua tabia yangu wanakuja mapema au wanavuta kiti. Hii ni ya wafuma hariri. Ukoo tajiri, ua mkubwa, taa nyekundu, na watu wanaokunywa chai badala ya kusema lililowaleta. Hilo nawapendea. Mtu anaweka kikombe mezani taratibu, na wewe unajua leo kuna atakayefukuzwa nyumbani. Lakini nao wana mambo yao. Mgonjwa akitema damu lazima ahutubie kwanza ndipo afe. Msichana akiteleza anaanguka polepole mpaka kijana atoke uani kuja kumdaka. Na walioweka sauti za Kiswahili wana uhaba wa watu: sauti ya mzee wa ukoo ndiyo hiyo hiyo ya mpishi, na jana walipogombana nilidhani mzee amerukwa na akili anajijibu mwenyewe. Mishono lakini sina la kusema. Mikono ya yale magauni inalala vizuri hata mtu akiwa anapigana.

Sasa yupo mjane. Mumewe, mtoto wa pekee wa nyumba hiyo, alifariki zamani, naye amebaki na mkwewe wanayemwita Bibi Mkubwa. Amekuja mtia rangi wa nyuzi, mwanamume mpole. Kila akiingia na mafungu yake ya hariri, mjane anainua macho. Mimi hilo silipendi. Umo ndani ya nyumba ya mumeo, unainua macho unatafuta nini? Nililisema kwa sauti hapa dukani na wote wakaniunga mkono.

Chiriku ameng'oka jino na amenikataza nisikuambie. Kwa hiyo hujasikia kwangu.

Mama yako


21 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na habari za jino sijazisikia popote. Pole na goti. Mgongo umepoa tangu waliponihamishia kwenye kupiga pasi mashuka, ingawa sasa miguu ndiyo inalalamika.

Hiyo tamthilia na sisi tunaiona, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi. Runinga ilikuwa imekufa, fundi wa boila ya kuchemshia maji, wanamwita Spana, akaichokonoa mpaka ikafufuka. Huku ni Kichina chenyewe, na maandishi chini. Sijui huko mjane wamempa sauti gani, lakini mwenyewe ana sauti nzito, ya mtu aliyekaa kimya muda mrefu.

Kuhusu macho yake nakupinga, maana umesema nibishe. Yule alifiwa akiwa bado msichana. Watu wa nyumba nzima wanampita kama wanavyopita kabati. Mtia rangi yeye aliingia akamuuliza, "Umekula?" Hilo ndilo kosa lake lote. Mtu akikuuliza hivyo baada ya miaka, macho yanainuka yenyewe. Wanaume wa huku walicheka, ila Spana akasema la ajabu ni kwamba katika nyumba yenye watu wote wale hakuna mwingine aliyewahi kuuliza.

Nakubaliana na wewe juu ya wagonjwa wanaohutubia. Wa jana alihutubia mpaka supu ikatupoa.

Mkweo


10 Machi

Mkwe wangu,

Hujambo? Goti limetulia. Chiriku amesifiwa shuleni kwa kusoma na ameonywa kwa kuongea, yote siku moja.

Umemtetea mjane vizuri, nimesoma mara mbili. Sasa na mimi nimtetee Bibi Mkubwa, kwani naona huko kwenu hana mtu. Mnamwona mbaya kwa sababu hacheki na anatembea na fimbo. Yule mama alizaa mmoja, akamzika. Kilichobaki cha mtoto wake ni huyo mwanamke anayepita uani asubuhi. Huyo ndiye anayejua marehemu alivyokuwa akikoroma, na alivyopenda chai yake. Akiondoka, Bibi Mkubwa ataongea na nani habari za mwanawe? Walioandika hadithi hawakulifikiria hilo. Wanamwonyesha amekunja uso na ngoma inalia nyuma yake, basi.

Huu ni mwaka wa nne tangu mwanangu, mumeo, atutoke. Nasema tu.

Na huyo Spana naona ana maoni mengi kwa mtu wa boila.

Mama yako


29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe na Chiriku mko salama. Najua nimekaa kimya na kwenye simu umeniuliza kama naumwa. Siumwi.

Spana ameniomba tuoane. Ni mtu mzima, mtaratibu, mkewe alifariki wakiwa hawajajaliwa mtoto. Habari za Chiriku alizijua tangu mwanzo, na anataka akae nasi. Alikwenda mwenyewe kuiangalia shule iliyo karibu na anapokaa, akaniletea habari za walimu, kwamba wa darasa la Chiriku ni mkali lakini hachapi. Sijamjibu.

Sikuogopa kwamba utakataa, Mama. Niliogopa utakubali kwa mdomo huku unaumia. Mwanao simsahau. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga mluzi kwenye ngazi nageuka. Lakini nikiwa na huyu mtu nacheka, na nikishacheka sijisikii mwizi.

Wazazi wangu niliwazika nikiwa mdogo. Tulipomzika mwanao uliniambia nikae kwako, nikakaa, na kama siyo kazi ningekuwa hapo mpaka leo. Sina mama mwingine wa kumuuliza. Nakuuliza wewe, na ukisema hapana ni hapana.

Mkweo


9 Mei

Hatujambo. Barua nimeipata. Chiriku ana mafua kidogo, siyo ya kutisha. Tamthilia siangalii siku hizi, nina sare za shule za kushona.

Bibi yake Chiriku


17 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini mafua ya Chiriku yameisha. Nimengoja barua nyingine haikuja, na kwenye simu unampa mtoto moja kwa moja. Nimeelewa. Nimemwambia Spana haitawezekana. Hakugomba. Alisema "nimesikia," akarudi kwenye boila, na tangu siku hiyo anakula na watu wa zamu ya pili.

Tamthilia imeisha huku. Mtia rangi alipakia vyungu vyake kwenye mkokoteni akaondoka, mjane akabaki. Bibi Mkubwa akamkabidhi funguo za ghala mbele ya ukoo wote. Chumba kizima kililia, na mwenzangu wa pasi akasema huo ndio uaminifu. Mimi nilirudi kwenye mashuka yangu.

Sina kinyongo, Mama, usifikirie hivyo. Nikipewa likizo mwisho wa mwaka nitakuja.

Mkweo


6 Julai

Mwanangu,

Hali yangu nitakuambia mwishoni, acha kwanza niseme haya.

Ule mwisho wameuonyesha huku Ijumaa. Nilikuwa nimeapa siutazami, lakini wateja walijaa dukani, nikaona aibu kuzima. Funguo zilipotolewa wanawake wakapiga makofi. Jirani yangu muuza vitambaa akaniambia, "Mkwe mwema huyo, kama wako." Nilitaka kufurahi. Nikamwangalia Bibi Mkubwa, safari hii kama mteja aliyekuja kupimwa: mgongo umepinda, mikono inatetemeka. Nikasema, "Huyu bibi hamalizi mwaka. Akifa, huyu mjane anabaki na nani?"

Jirani akanijibu, "Si imeisha, bwana."

Kwao imeisha. Nimekaa na neno hilo siku mbili, nikakosea hata kipimo cha kola. Mimi naelekea sabini na wewe hujafika hata nusu ya njia yangu. Nilikukasirikia karibu miezi miwili, na kila nikitafuta umenikosea nini sikioni. Nilikuwa namlilia mwanangu upya, basi, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Sasa nisikilize. Umesema nikikataa ni hapana. Mimi sijakataa, nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu usikugeuze jibu. Nenda hiyo zamu ya pili ukakae mezani kwake. Mwambie aje hapa kuposa kwa miguu yake, siyo kwa simu. Nitakaa upande wako kama mzazi, na maswali ninayo. Chiriku amalize mwaka huu wa shule hapa, ndipo aje kwenu. Likizo zake zote ni zangu, hilo sijadiliani na mtu. Siku akiondoka nitalia, na asije mtu kunibembeleza.

Picha ya mwanangu nenda nayo huko utakakoolewa. Kama huyo mtu ni mtu, ataitafutia msumari mwenyewe.

Hali yangu: nimechoka, lakini usiku nalala.

Mama yako


22 Julai

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha pasi, na mashuka mawili ya wageni ilibidi yarudi kufuliwa.

Nilikwenda zamu ya pili. Alikuwa peke yake mezani. Nilikaa, akanisogezea chumvi. Nikamwambia, "Mama ana maswali."

Akauliza, "Maswali gani?"

"Hata mimi sijui."

Akaweka kijiko chini. Akaanza kuniuliza kama unapenda watu wanaoongea sana au wanaoongea kidogo, kama aje na shati la mikono mirefu, kama kwa macho ya fundi wa nguo lile la bluu halimbani mabegani. Kuhusu likizo za Chiriku alikubali kabla sijamaliza kusema.

Tumepewa ruhusa kazini, tunafika Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Chiriku usimwambie sababu, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimempakata.

Jana nilipeleka mashuka kule nyuma nikamkuta amesimama mbele ya boila, mikono imefungwa mgongoni, anaongea peke yake. "Shikamoo Mama. Mimi naitwa..." Akasita, akakohoa, akaanza upya. Nilirudi na kikapu changu taratibu, asinione.

Mwanao