Jina la Kapteni Tunalirudisha

Durban

Papa mpenzi,

Kwanza mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimepungua? Sisi tunapumua. Faustin wangu iko salama, bado ananyoa watu saluni mjini. Mimi ni kuchoka tu: asubuhi taxi ya Westville na mtoto mgongoni, mchana kupiga pasi kwa Madame, jioni kazi za kwangu zinaningoja.

Papa, ninaandika juu ya jina la mtoto.

Mzaliwa wa kwanza ilikuwa aitwe Byamungu kama wewe. Lakini Madame, bibi mzee ninayemfanyia kazi, hana mjukuu, akatuomba tukuulize wewe kama mtoto anaweza kubeba jina la babu wa mababu zake, Kapteni Edwin wa jeshi la majini la Waingereza, zamani za merikebu za matanga. Ukajibu kwamba kama mtu huyo aliokoa watu, tumpe mtoto jina lake.

Na kweli, nikipiga pasi Madame alikuwa ananisimulia. Edwin aliingia merikebuni akiwa bado mtoto, akafika India, akapigana na Wafaransa. Siku merikebu yake ilipopasuka kwenye mwamba, alikataa kushuka mpaka wagonjwa wote washuke, na maji ya kunywa akayagawa kwa kikombe, yeye akinywa nyuma ya wote. Hapo nilimpenda. Nikimwogesha mtoto ninamsimulia, kama kwetu tunavyomwambia mtoto habari za wajina wake, ajue anabeba nani. Saluni wanamsalimia, "Kapteni, bahari iko namna gani leo?" naye anacheka na vijino vyake.

Juma lililopita kaka wa Madame alikuja kunywa chai. Madame akamwonyesha mtoto, huyu ndiye Edwin wetu. Mzee akacheka, akauliza kama nimesimuliwa pia ile miaka ya Gine. Madame akasema chai inapoa. Nikaweka pasi pembeni, nikauliza miaka gani.

Mzee akaeleza kama mtu anayesimulia mpira. Vita ilipoisha, jeshi lilimweka Edwin nchi kavu kwa nusu mshahara. Akachukua merikebu ya wafanyabiashara, akaenda pwani ya Gine, huko Afrika ya magharibi, akaijaza watu weusi kwa minyororo, akawapeleka ng'ambo kuuzwa. Akarudia, tena na tena. Vita iliporudi, akavaa sare yake kama kawaida.

Papa, akifika kwenye miaka hiyo Madame alikuwa ananiambia, "Hapo Edwin alipumzika kidogo." Kila mara hivyo hivyo. Alijua.

Mzee alipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ilikuwa kazi ya wakati ule, mpenzi wangu. Ulimpenda sana, sikutaka kukuharibia."

"Kunificha mimi, sawa," nikamwambia. "Lakini jina ulimuomba papa yangu, naye akakupa. Ulimuomba mtu mweusi, Madame."

Akalia. Nikamletea maji, nikamaliza mashati. Eish, Papa, huyu ndiye aliyenishika mkono siku ya kujifungua. Hapo ndipo panaponiuma.

Faustin anasema tuache, jina ni jina tu, mtoto ameshalizoea. Nimekataa. Hajabatizwa bado, na mchungaji nimemwambia aandike Byamungu, kama bado unatupatia. Madame pia nimemwambia. Sasa anamwita "mtoto" tu, halafu anatazama dirishani.

Shida ni mtoto mwenyewe. Nikisema Edwin, anageuka na kicheko. Nikisema Byamungu, anaendelea kutafuna kiatu. Juzi nimemwita mpaka sauti ikakauka.

Nisalimie Mama, dada yangu wa sokoni, shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake huku hakuna.

Na wewe Papa, ukipata mtu wa kuja huku, mpe kaseti ya sauti yako. Keti peke yako, umwite mjukuu wako humo. Usiongeze neno lingine, jina tu, kwa sauti ile uliyokuwa unatuita nayo chakula kikiiva. Nitamwekea kila siku mpaka ageuke.

Binti yako, ambaye tangu leo ni
Mama Byamungu