Bunduki ya Ami Khalfan

Jumamosi, 14 Aprili 2001

Fomu ishirini na moja tangu asubuhi. Viza, viza, viza. Mmoja kapoteza pasi, kalia hapa mbele yangu kama kapoteza mtoto. Vidole vinaniuma. Baba Sulum, mwenye ofisi yetu ya kutaipu hapa Hamriya, Maskati, kenda kuswali na kulala, kama desturi yake. Harudi mpaka saa kumi. Nimebaki na mashine na feni.

Halafu simu. Ami Khalfan, ndugu yake marehemu baba. Kapata bunduki! Kaachiwa na rafiki yake wa kazini aliyestaafu. Iliingia kutoka nje zamani, ina karatasi yake, karatasi inasema ya kuwindia. Anataka fomu ya leseni leo leo.

Najua kwa nini anaitaka. Kwenye harusi za upande wa mkewe wanaume wote wanacheza razha, ngoma ya Kiomani, na bunduki zao. Yeye ana fimbo. Wanamwita Mzinjibari wa Fimbo, kwa kuwa sisi asili yetu Unguja. Anacheka nao, lakini haimfurahishi.

Nikamwambia niambie ikoje. Nyeusi, ya chuma, ya Kijerumani, magazini ya risasi ishirini. Moyo ukanipiga. Naijua! Baba alikuwa fundi wa silaha jeshini, kaacha sanduku zima la vitabu vya Kiingereza, na Kiingereza changu chote kimetoka humo, mie na kamusi. Wenzangu wanajua majina ya waimbaji. Mie najua bunduki. Bunduki hiyo ni ndugu wawili. Wa jeshi, anayemwaga risasi ukishikilia tu. Na wa kiraia, anayepiga moja moja kila ukivuta. Kwa sura pacha.

Fomu ina kisanduku cha aina. Baba Sulum ana sheria moja tu: usichokiona usikitaipu, acha mtu ajaze mwenyewe. Mie nikataipu. Ya kiraia, hupiga moja moja. Karatasi si inasema ya kuwindia? Basi. Nikajiona mtu kweli kweli.

Jumapili, 15 Aprili

Ami kaja, kasaini, kaipeleka polisi. Karudi na halwa. Wamemwambia ailete bunduki yenyewe Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 23, ikaguliwe. Kanambia, "Baba yako angekuona leo." Nimekula halwa mpaka tumbo likauma.

Alkhamis, 19 Aprili

Tumekwenda Al Amerat kwa Ami, mie na Bibi. Kula wali, kupiga soga. Baada ya chakula Ami kaniita chumbani. Kafungua kabati, kaitoa imevingirishwa shuka la maua. Kaifunua kama anafunua mtoto mchanga.

Nzuri. Siwezi kusema uongo, ni nzuri sana.

Nikaangalia swichi pale juu ya pa kushikia, ile ya kuchagua mpigo. Kwenye ya kiraia kuna alama mbili: usalama, na moja moja. Hii ina tatu.

Nikahesabu tena. Tatu.

Ya tatu ni ya kumwaga. Ya jeshi. Raia haruhusiwi, leseni haipo, mtu hafiki hata kuomba. Nilihisi baridi mgongoni na nje jua linaua. Ami anangoja niseme kitu. "Eh? Vipi?" Nikasema nzuri, Ami. Nzuri. Akaifunga shuka, akaifungia kabati, funguo mfukoni.

Sikusema. Mwoga mie.

Ijumaa, 20 Aprili

Sikulala vizuri. Nimemjibu Bibi vibaya. Anasema, "Nna wasiwasi na wewe, umeona nini huko kwa ami yako?" Nikasema hakuna.

Hesabu yangu ni hii. Ami anakwenda Jumatatu na karatasi inayosema raia na bunduki inayosema jeshi. Karatasi ina sahihi yake. Kisanduku kimejazwa na mie. Watamuuliza kwa nini kadanganya serikali. Yeye hajadanganya, yeye hata hajui alama tatu ni nini. Nani atamuamini? Mtunza bohari wa wizara, miaka miwili kabla ya pensheni, kashikwa na silaha ya vita kabatini. Watamfunga. Amenilea tangu nina miaka tisa, na mie ndiye nitakayemfungisha.

Jumamosi, 21 Aprili

Mchana Baba Sulum alipokwenda kulala nikafunga mlango, nikakimbia Ruwi kwenye duka la intaneti karibu na stesheni ya mabasi, kutafuta picha za bunduki. Neema kanifuata. Neema anafanya kazi saluni mlango wa pili, Mchaga, mdomo hauna breki. Kila picha ikifunguka, na inafunguka taratibu kama chai ya msiba, anaropoka.

"Dada, wasichana wenzako wanaangalia mitindo ya nywele."

Nikamwambia nyamaza.

"Hiyo nayo ni ya harusi? Kwetu ukionekana nayo hata mjumbe wa nyumba kumi anahama mtaa."

Nikacheka, halafu nikalia. Neema akashituka. Nikamweleza yote. Kisha kasema jambo moja tu: "Mwambie leo. Ukisubiri kesho utapata sababu nyingine."

Nimeona picha za kutosha. Na nimegundua ujinga wangu mwingine. Aina yenyewe imechongwa ubavuni, upande wa kushoto, herufi na namba. Mie niliitazama swichi, nikaingiwa hofu, sikuugeuza ubavu. Fundi gani huyo! Baba angenizaba kibao.

Nimerudi ofisini nikataipu barua. Kwamba mwenye bunduki ana shaka na aina yake, kisanduku cha fomu kilijazwa na taipisti kabla hajaiona, na anaikabidhi kwa ofisi iamue, na kama hairuhusiwi haidai. Nimetia jina langu kamili kama taipisti. Pa sahihi ya Ami pako wazi. Nimeikunja nimeitia mkobani.

Sikumwambia leo. Nilipata sababu.

Jumapili, 22 Aprili

Nimemwambia. Kaja mjini kumletea Bibi dawa, nikamfuata mpaka kwenye gari. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, sikuvuta pumzi.

Kwanza kacheka. Kisha kaona sicheki.

"Alama tu hizo! Mie siigusi hata hiyo swichi."

Nikasema wao wataigusa.

"Na nani aliyeandika? Si wewe mjuzi?"

Nikasema ni mie. Nikasema tuipeleke wenyewe na barua, tuwaambie hatujui. Hapo ndipo kapandisha hasira. Miaka ishirini na tano, kasema, anacheza na fimbo kama mchunga mbuzi. Kapata kitu kimoja, kimoja tu, na mtoto aliyemfundisha kufunga viatu anataka akipeleke kwa mikono yake. Kaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili na gari haliendi. Nafikiri na yeye anaogopa. Nafikiri anaogopa zaidi kuliko mie.

Mwisho kasema tutakwenda pamoja. Mie nitasema Kiarabu cha ofisi, nitasema ya kuwindia, nitashika hapo hapo. "Tukikwama, n'takwambia la kusema kwa Kiswahili. Hawatujui."

Barua hakutaka hata kuiona.

Jumatatu, 23 Aprili

Ami kanipitia asubuhi.

Bunduki nyuma ya gari ndani ya shuka lake la maua. Njia nzima alikuwa anasoma nyiradi. Kila gari la polisi likipita mie nazama kwenye kiti.

Ndani ya ofisi ya leseni kaunta ndefu, baridi ya eyakondishan. Askari mwembamba mwenye miwani, kijana, Kiarabu safi cha Maskati. Kachukua fomu. Kauliza kwa Kiarabu: mmethibitisha aina? Mie nikakauka. Ami akaniinamia sikioni, lakini Ami hana sauti ya sikioni, hajapata kuwa nayo.

"Mwambie ya kuwindia. Mwambie tumeshaiangalia. Habari za swichi zimeze."

Askari hakuinua kichwa. Anaendelea kuandika. Kisha kwa Kiswahili, cha mjini Unguja kabisa:

"Sema kwa sauti tu, ami. Mama angu kazaliwa Malindi ya Unguja. Na yule mlangoni Mpemba."

Mlangoni kule mtu akakohoa kicheko.

Nilitaka ardhi inimeze. Ami kageuka rangi ya jivu. Jasho. Kanzu imemganda mgongoni. Sijapata kumuona hivyo, hata siku ya maziko ya baba. Watu wazima wawili tumesimama pale kama watoto wa skuli walioiba chaki.

Nikatoa barua. Sikumpa askari. Nikaiweka mbele ya Ami, na kalamu juu yake.

Kaisoma. Kaisoma taratibu sana. Kafika kwenye jina langu, kasimama hapo, kaniangalia. Sijui aliniangalia vipi, siwezi kuliandika. Kisha kasaini.

Askari kaichukua, kaipiga muhuri. Kalitazama shuka la maua juu ya kaunta. "Mie bunduki sijaiona bado," kasema. "Mie naona barua. Barua imetangulia, na hivyo ndivyo n'tavyoandika." Kisha kamwambia Ami polepole, kama anazungumza na baba yake: "Lakini ami, usirudie tena. Mwengine asingenyamaza."

Wakamwita fundi wao, mzee wa Kibalushi, mikono mikubwa. Kalifunua shuka. Mie nikasema mbele za watu, kwa Kiarabu, ni ya jeshi, swichi ina alama tatu. Kanitazama juu mpaka chini. Kaigeuza ubavu wa kushoto, kapangusa vumbi kwa kidole gumba, kanionyesha. Herufi za kiraia. Wazi kabisa, mtoto angeziona.

Kisha kagonga pale pa kushikia. Kipande hicho, kasema, hakikuzaliwa na bunduki hii. Kimetoka kwenye ya jeshi, mtu kakibandika. Mwili wa raia, mkono wa askari. Kama ndani imeguswa au haikuguswa, hajui mpaka aifungue kwenye meza yake.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilikosea bila kuona. Mara ya pili nikakosea baada ya kuona. Na sasa hakuna anayejua ni nini, hata wao. Kama ni sura tu, makosa madogo. Kama ndani pia imebadilishwa, ni silaha ya vita, na aliyekutwa nayo ni Ami.

Wamezuia bunduki. Wamezuia bataka ya Ami, kitambulisho chake. Wamesema asitoke mji, watampigia.

Tukirudi kasimamisha gari mlimani, kashuka, kasimama na mgongo wake kwangu muda mrefu. Sikushuka.

Jumanne, 24 Aprili

Hakuna simu.

Nimekosea fomu nne. Baba Sulum kauliza binti una homa? Nikamwambia ukweli, kisanduku na kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Kakaa, kavua kofia, kajikuna kichwa, kavaa kofia. "Leo taipu za viza tu," kasema.

Bibi keshajua, Ami kamwambia. Yuko juu ya mswala tangu adhuhuri. Hanilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumatano, 25 Aprili

Saa nne simu. Sauti ya yule yule askari, anamtaka Ami, hampati nyumbani. Nikamuuliza ni kheri? Kasema aje tu. Watu wa ofisi hawasemi kheri wala shari!

Nikampigia Ami kazini, kakwenda peke yake. Hakunipitia. Saa tano. Saa sita. Saa saba. Nimekaa na mkono juu ya simu, Neema kaja kunisukia nywele hapo hapo kwenye kiti nisizing'oe. Kasema, "Angekamatwa ungeshasikia, dada, habari mbaya inapanda teksi." Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nilimshukuru.

Saa nane na robo kapiga mwenyewe. Ndani haikuguswa. Ilikuwa swichi ya sura tu, haifiki hata kwenye hiyo alama ya tatu, fundi kaisukuma mbele yake haikwenda. Lakini leseni hapati, kwa sababu bunduki ya vipande vya bunduki mbili haina jina kwenye vitabu vyao. Haitorudi. Kaandika ahadi, kapewa bataka yake. Hakuna kesi.

Yote haya kayasema kama anasoma taarifa ya habari. Nikasema Ami nisamehe. Kasema, "Haya," kakata.

Nililia mbele ya wateja. Mhindi mmoja kanipa kitambaa chake.

Ijumaa, 27 Aprili

Ami kaja kula kwa Bibi baada ya swala. Kapeana mkono na kila mtu. Na mie pia, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Kala samaki, kamsifu Bibi kwa ukwaju, kazungumza habari za mvua ambayo haikunyesha. Kwangu mie hakuelekeza neno. Hajanisamehe. Huenda asinisamehe mwaka huu.

Sasa kalala kwenye mkeka sebuleni, kofia imemfunika uso. Bibi kazima feni ya jikoni ili asisumbuke. Nimekaa kizingitini na daftari. Anakoroma. Anakoroma kwa nguvu, yuko hapa, na sitaki mtu yeyote amwamshe.